Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: milipuko ya Jua na mawimbi ya mshtuko angani

Kila Jua likilipuka maswali yanakuwa yaleyale, na majibu mengi yanayozunguka mtandaoni yanachanganya vitu vitatu: mwanga, chembe za kasi, na wimbi la mshtuko lenye wingu lake nyuma. Ni vitu tofauti, vinafika kwa nyakati tofauti na madhara yake ni tofauti. Ukishavitenganisha hivyo vitatu, mambo mengine yanakaa sawa yenyewe.

Kwani Jua likilipuka kinalipuka nini hasa?

Usiwaze bomu wala moto. Jua limejaa sumaku, na pale kwenye madoa meusi ule uga wa sumaku unajisokota na kujikunja siku hadi siku huku unajaza nishati, sasa ikifika hatua hauwezi tena kujizuia unakatika na kujiunga upya kwa mpangilio mwingine, ile nishati yote inaachiwa kwa mkupuo mmoja. Hapo vinaweza kutoka vitu viwili. Cha kwanza ni mwako, yaani mwanga mkali pamoja na eksirei, huo unatufikia ndani ya dakika 8 tu kwa sababu unakuja kwa kasi ya mwanga. Cha pili ni wingu la plazma, gesi ya moto yenye umeme ambayo imebeba na sumaku yake ndani, wanasayansi wanaliita CME. Wingu la kawaida lina uzito wa tani bilioni 1 na kuendelea, na linaweza kutoka kwa kasi ya chini ya kilomita 300 kwa sekunde au likapiga karibu 3,000 kwa sekunde. Mara nyingi mwako na wingu vinatoka pamoja, ila kila kimoja kinaweza kutokea bila mwenzake, na ndo maana kuna mwako mkubwa kabisa unaweza kupita na usilete chochote huku kwetu zaidi ya mwanga wenyewe.

Sasa hilo wimbi la mshtuko linatoka wapi?

Kati ya Jua na sayari hapako tupu. Kuna upepo wa jua unapuliza muda wote, chembe za umeme zinazotoka kila upande kwa kilomita 300 hadi 800 kwa sekunde, huku kwetu duniani unakuta kama chembe 5 tu kwenye kila sentimita moja ya ujazo. Ni wepesi kupita kiasi lakini upo, na ndani yake msukosuko wowote una kasi yake ya kusafiri, kama vile sauti ilivyo na kasi yake kwenye hewa. Wingu likija taratibu, upepo ulioko mbele unapata taarifa mapema na unapisha. Likija kwa kasi kuliko ile taarifa yenyewe, upepo wa mbele haujui kitu mpaka linaupiga usoni, basi unabanwa, unapata joto na kurundikana kwa ghafla kwenye ukuta mwembamba, na huo ukuta ndo wimbi la mshtuko. Ni kama boti inayokimbia kuliko mawimbi ya maji, lazima itengeneze ule mkunjo mkali mbele yake.

Cha kushika hapa ni kwamba kinachohesabika ni tofauti ya kasi kati ya wingu na upepo, sio kasi ya wingu peke yake. Wingu la kilomita 500 kwa sekunde likiingia kwenye upepo wa 480 halifanyi chochote cha maana, lakini hilohilo likikuta upepo wa 300 linatengeneza mshtuko mzuri tu.

Kwa hiyo sio kila mlipuko unaleta wimbi?

Sio kila mmoja, na mengi hayaleti. Kipindi Jua limechangamka yanatoka mawingu kadhaa kwa siku, likiwa limetulia unaweza kukaa siku kadhaa bila kupata hata moja, na katika hayo yote yale ya kasi ni machache, halafu yale ya kasi yaliyoelekea upande wetu ni machache zaidi.

Nimesoma kwamba huko chembe hazigongani kabisa. Mshtuko unawezekanaje bila kugongana?

Hili ndo swali ninalolipenda kuliko yote humu, na hata wanafizikia liliwasumbua miaka mingi. Kwenye hewa ya kawaida mshtuko unatokea kwa sababu molekuli zinagongana mabilioni ya mara kila sekunde. Kwenye upepo wa jua chembe inaweza kutoka kwenye Jua mpaka ikafika duniani, kilomita milioni 150, bila kugonga mwenzake hata mara moja. Kwa hesabu ya kawaida ukuta unaojengwa na migongano ulitakiwa uwe mnene kama umbali wote huo, yaani usingekuwa ukuta.

Jibu ni sumaku. Chembe za umeme hazigusani lakini zote zimeshikwa na uga uleule, chembe ikitaka kupita moja kwa moja uga unaikunja na kuizungusha, na zikirudishwa nyingi kwa pamoja zinatikisa uga wenyewe, nao uga ukitikisika unazirusha chembe nyingine huku na huku, basi ile kazi ya migongano inafanywa na sumaku pamoja na umeme. Miaka ya 1950 mwanafizikia Thomas Gold alipendekeza kwamba mishtuko ya namna hii ndo inayosababisha sindano za sumaku duniani kuruka ghafla kabla ya dhoruba ya sumaku, yaani msukosuko wa sumaku ya dunia, na sio wote waliokubali. Oktoba 1962 chombo cha Mariner 2 kikiwa njiani kuelekea Zuhura kikapita katikati ya mmoja, vipimo vikaruka palepale, ubishi ukaanza kupungua. Karibu na dunia unene wa ukuta huo ni mamia ya kilomita hivi au elfu chache, ukilinganisha na milioni 150 ni karatasi.

Likipita kwenye chombo inaonekanaje?

Inaonekana kwenye grafu, na mtu akishaiona mara moja haisahau. Kuna vyombo vimekaa kilomita milioni 1.5 kutoka duniani kwenye upande wa Jua, ACE tangu 1997 na DSCOVR tangu 2015, kazi yake ni kuonja upepo kabla haujatufikia. Kwenye skrini unakuta mistari minne inatembea pamoja: kasi, wingi wa chembe, joto na nguvu ya sumaku. Masaa yanaenda, mistari inayumbayumba tu kidogo. Halafu yote minne inaruka juu kwa wakati mmoja, wima kabisa kama ngazi, kasi iliyokuwa 400 unaikuta 600 ndani ya pointi moja ya grafu, na haishuki. Mstari mmoja ukiruka peke yake huo sio mshtuko, lazima viruke vyote kwa pamoja. Halafu kwa wingi wa chembe kuna kikomo, hata mshtuko uwe na nguvu vipi haubani upepo zaidi ya mara 4 ya ulivyokuwa.

Baada ya ngazi hiyo mistari inachafuka, inapanda na kushuka hovyo kwa masaa mengi, hapo ndo tupo kwenye ule upepo uliobanwa kati ya wimbi na wingu. Ikija kutulia na sumaku ikawa nzito na inageuka polepole upande mmoja, ujue wingu lenyewe limefika, nalo linaweza kuchukua siku nzima kupita.

Kuna njia ya kulijua likiwa bado mbali?

Ipo, na ni redio. Wimbi likiwa linapanda linachota elektroni na kuzirusha mbele, hizo elektroni zinaitikisa plazma nayo inatoa mawimbi ya redio, na masafa yake yanategemea wingi wa chembe za mahali pale. Karibu na Jua chembe ni nyingi kwa hiyo sauti iko juu, megahezi makumi na mamia, wimbi likizidi kwenda mbali chembe zinapungua na sauti inashuka, inashuka, mpaka likifika usawa wa dunia iko kwenye kilohezi makumi tu. Kwa jinsi sauti inavyoshuka haraka au taratibu unaweza kukadiria wimbi linakimbia vipi. Mwanafizikia Ruby Payne-Scott na wenzake kule Australia waliinasa mwaka 1947 sauti ya mlipuko iliyochelewa kutoka masafa ya juu kwenda ya chini, na kwa maoni yangu huyu mama hatajwi inavyostahili. Sehemu ya chini ya sauti hiyo haipenyi angahewa yetu, ndo maana vipokezi vikawekwa angani, mfano kwenye chombo cha Wind kilichorushwa 1994.

Wingu lenyewe linaonekana kwenye kamera zinazoziba diski ya Jua ili mazingira yake yaonekane. Kamera za SOHO, chombo kilichorushwa Desemba 1995, zimelinda zamu hiyo miaka na miaka. Wingu likija moja kwa moja kwetu halionekani likienda pembeni, linaonekana kama duara linalotanuka pande zote kuzunguka Jua, na ukiona hivyo unaanza kufuatilia.

Safari inachukua muda gani?

Siku 1 hadi 4 kwa kawaida. Mawingu ya kasi yanapunguzwa na upepo kama mtu anayekimbia dhidi ya hewa nzito, na yale ya polepole yanasukumwa na upepo huohuo mpaka yanakaribia kasi yake, kwa hiyo kadiri safari inavyokuwa ndefu ndivyo yote yanavyofanana.

Rekodi ni ya tarehe 4 Agosti 1972, masaa 14.6 tu kutoka Jua mpaka dunia, wastani wake ni zaidi ya kilomita 2,800 kwa sekunde. Lile la Septemba 1859, ambalo mwako wake aliuona mwanaastronomia wa Uingereza Richard Carrington, lilitumia masaa 17 na nusu hivi. Na la 1972 lilikimbia vile kwa sababu lilitanguliwa na mengine siku chache kabla, yale yakafagia njia, likapita pasipo kitu cha kulipunguza.

Mbona mara nyingine wanatangaza hatari ya mionzi wakati wimbi bado liko mbali?

Kwa sababu wimbi ni mashine ya kurusha chembe. Protoni inavuka ukuta, sumaku ya upande wa pili inairudisha, inavuka tena, inarudishwa, na kila ikivuka inaongezewa nishati kidogo, mwisho inachomoka ikiwa na kasi ya kutisha. Protoni yenye nishati ya MeV 100 inakimbia zaidi ya 40% ya kasi ya mwanga, inafuata uzi wa sumaku uliojipinda kutoka Jua mpaka huku na inatufikia ndani ya nusu saa au chini ya hapo, huku wimbi lililoizaa likiwa bado karibu kabisa na Jua. Ukiangalia picha za SOHO wakati huo utaona zimejaa nukta nyeupe kama theluji inaanguka, hizo sio nyota, ni protoni zinapiga kwenye kamera yenyewe. Na wimbi likija kupita siku inayofuata mara nyingi chembe zinaongezeka tena kwa muda, sababu kuna kundi linatembea nalo sambamba.

Hii kwa mwanaanga aliye nje ya ngao ya dunia ni jambo zito. Agosti 1972 ilikuwa katikati ya Apollo 16 iliyorudi Aprili na Apollo 17 iliyoondoka Desemba, angekuwepo mtu anatembea mwezini siku zile angepata mionzi ya kumuumiza. Mei 2024 mlipuko mmoja uliielekea Mirihi, na kifaa cha kupimia mionzi kilichopo kwenye gari la Curiosity kikapima kiasi kinacholingana na picha za eksirei ya kifua kama 30 hivi kwa mpigo. Mirihi haina ngao ya sumaku kama yetu, na wanaopanga kupeleka watu kule wanalijua hilo vizuri.

Wimbi ndo linaleta dhoruba ya sumaku duniani?

Wimbi linafungua mlango, ila dhoruba yenyewe inategemea kinachofuata nyuma. Likigonga, ngao yetu ya sumaku inabanwa ghafla. Kwa kawaida upande wa Jua ngao inaanzia kama kilomita 64,000 kutoka katikati ya dunia, wimbi kali linaisukuma ndani mpaka satelaiti za kilomita 36,000 juu zinajikuta ziko nje kwenye upepo wa jua. Vipima sumaku vya ardhini dunia nzima vinaruka karibu kwa pamoja. Tarehe 10 Mei 2024 mruko huo ulikuja saa 17:05 kwa saa za UTC, na usiku uleule watu wakaanza kuona anga jekundu kwenye latitudo ambazo hawajazoea kabisa.

Baada ya hapo swali ni moja tu, sumaku iliyomo kwenye upepo uliobanwa na kwenye wingu imeelekea wapi. Ikielekea kusini inaungana na ya kwetu na mlango unabaki wazi, nishati inamiminika masaa na masaa. Ikielekea kaskazini, hata wimbi liwe kali vipi, unapata ule mruko wa mwanzo halafu kimya. Kwa hiyo mtu akikuambia wimbi kubwa limefika basi dhoruba kubwa imethibitika, bado hajakuambia nusu ya habari.

Ila wimbi peke yake linaweza kufanya makubwa. Machi 24, 1991 mshtuko mmoja uligonga ngao na ndani ya dakika chache tu ukatengeneza mkanda mpya wa elektroni zenye nishati kubwa kuzunguka dunia, satelaiti ya CRRES ilikuwa pale ikaurekodi.

Ni kweli wimbi la jua liliwahi kulipua mabomu baharini?

Ni kweli. Ilikuwa siku ileile ya Agosti 4, 1972, Marekani ilikuwa imetega mabomu ya baharini kusini mwa Hai Phong, Vietnam, yanayolipuka yakihisi badiliko la sumaku kama la meli inayopita. Sumaku ya dunia ilipotikisika yakalipuka makumi kwa makumi ndani ya muda mfupi bila meli yoyote kuwepo, na uchunguzi wa jeshi lao la maji ukaona chanzo kinachoelekea zaidi ni Jua.

Linaweza kunidhuru mimi niliyeko chini huku?

Mwili wako hapana. Angahewa na ngao ya sumaku vinatosha, huwezi kuhisi chochote wimbi likipita.

Na mitambo je?

Mitambo ndo inapata shida. Sumaku ikibadilika haraka inasukuma umeme kwenye nyaya ndefu, Machi 13, 1989 jimbo la Quebec, Kanada, watu milioni 6 walikaa gizani kama masaa 9. Mei 2024 wakulima Marekani wanaotumia matrekta yanayoongozwa kwa GPS walisimamisha kupanda maana mahesabu ya mahali yalikuwa yanakosea. Na sio lazima dhoruba iwe kubwa, Februari 2022 dhoruba ya kawaida tu ilipasha joto angahewa ya juu ikatanuka, satelaiti 38 kati ya 49 za Starlink zilizokuwa zimetoka kurushwa zikashindwa kupanda na zikaanguka kuungua.

Mawimbi yakifuatana inakuwaje?

Hapo ndo pa kuogopa kidogo. La pili likiwa na kasi linalifikia la kwanza, linaingia ndani ya wingu la mwenzake na kulibana, sumaku iliyokuwa nzito inazidi kuwa nzito. Ndicho kilichotokea Mei 2024, eneo moja la madoa lililopewa namba 13664 lilitoa mawingu yasiyopungua matano kwa kufuatana, yakaungana njiani, ikawa dhoruba ya daraja la juu kabisa, G5, ya kwanza tangu Oktoba 2003. Julai 23, 2012 kulitoka mengine yaliyofuatana kwa namna hiyohiyo, mabaya zaidi, ila yalitoka upande ambao dunia haikuwepo, yakakipitia chombo cha STEREO-A na ndo tukapata vipimo vyake.

Linaishia wapi?

Mbali sana. Mawimbi yanaungana na kudhoofika kadiri yanavyokwenda lakini hayafi haraka. Milipuko ya Oktoba na Novemba 2003 ilikifikia chombo cha Voyager 2, kilichokuwa mbali sana na Jua, Aprili 2004. Na wa Machi 2012 ulisafiri zaidi ya mwaka mzima ukaja kuitikisa plazma inayomzunguka Voyager 1 mwaka 2013, mtikisiko huo ulitoa mlio ambao masafa yake yaliwapa wanasayansi wingi wa chembe za pale, wakakuta ni nyingi kuliko zinavyotakiwa kuwa ndani ya upepo wa jua, na hivyo ndivyo walivyojua chombo kimeshatoka kwenye himaya ya Jua tangu Agosti 2012.

Mbona utabiri unakosea sana? Wanasema linafika saa fulani halafu linakuja usiku au lisije kabisa.

Tuwatendee haki wanaofanya kazi hii. Wanaona wingu likitoka, baada ya hapo linaingia kwenye kilomita milioni 150 ambazo karibu hazina kipimo njiani, na upepo litakalokutana nao haujulikani vizuri, kwa hiyo kukosea masaa 10 kwenda mbele au nyuma ni jambo la kawaida. Kigumu zaidi ni mwelekeo wa sumaku, huo kwenye kamera hausomeki, unasomeka wimbi na wingu vikishafika kwenye vile vyombo vya kilomita milioni 1.5, na kutoka pale mpaka hapa, kwa kilomita 500 kwa sekunde ni dakika 50, kwa kilomita 1,500 ni kama dakika 17. Vyombo vipya vinaongezwa, India iliweka Aditya-L1, Marekani ikarusha SWFO-L1 Septemba 2025, na Ulaya inaandaa Vigil kitakachoangalia Jua kutoka pembeni ili mawingu yanayokuja kwetu yaonekane ubavuni. Kitakachopungua kwanza ni makosa ya saa ya kufika. Ule mwelekeo wa sumaku bado utasubiri dakika zilezile za mwisho, mpaka siku watakapoweka vipimo karibu zaidi na Jua, kwenye njia yenyewe.